Msumari wa Rola Namba Mbili

Kwenye kile kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali na nyumba za wageni, hakuna mtu aliyewahi kukosekana kazini. Ndivyo daftari la mahudhurio lilivyosema, na msimamizi aliliamini kuliko macho yake mwenyewe. Miaka tisa! Watu kumi na sita, kila siku sahihi kumi na sita. Ungedhani watu wale hawaugui, hawazai wala hawafiwi.

Siri yao ilikuwa msumari. Kila rola ya kunyooshea mashuka ilikuwa na watu wanne. Wawili wanasimama mbele, kila mmoja kashika pembe yake ya shuka lililotoka kufuliwa, wanalitanda, wanaliingiza kwenye rola ya moto. Wawili wako nyuma, wanalipokea likiwa kavu na kulikunja. Kazi ya mbele haifanyiki na mtu mmoja, mikono haifiki. Lakini kwenye nguzo iliyo kando ya rola namba mbili, mtu fulani zamani alipigilia msumari wa nchi sita, na rola nyingine nazo zikaiga. Mtoto wako akichemka homa, mwenzako anaitundika pembe yako kwenye msumari, anakimbilia pembe yake, analivuta shuka, analiingiza peke yake, kisha anarudi kuchukua lingine. Anakimbia hivyo kutwa nzima, na jioni anakutilia sahihi. Wenyewe waliita kushikiana pembe, na walijivunia sana. Na kweli, ulikuwa upendo. Mimi siwezi kuusema vibaya, ila nitausema, maana nusura umle mtu.

Mtu mwenyewe ni mwanamke aliyesimama rola namba mbili, upande wa nguzo. Kazini walimwita Nyoosha, kwa sababu hakuwa na subira na kitu kilichopinda, liwe shuka au iwe habari. Ukimpelekea umbea, anakuuliza, ulikuwepo? Kama hukuwepo, kwisha habari yako. Mwenzake wa pembe ya pili alikuwa mama mtu mzima ambaye kila mtu alimwita Shangazi, ingawa hakuwa shangazi wa yeyote pale. Huyu Shangazi aliwahi kupasuliwa tumbo akarudi kazini siku ya nne. Mshono ukafumuka kwenye mvuke wa rola, akashonwa tena, na tangu hapo alitembea ameinamia kulia kidogo. Kisa hicho alikisimulia kwa majigambo, na wageni kazini walikisikia kabla hawajaonyeshwa choo kilipo.

Basi Jumatatu moja asubuhi, Nyoosha akiwa njiani kwenda kazini, mumewe alianguka. Mumewe alikuwa kinyozi, na wajua vinyozi walivyo, mdomo wake ulifanya kazi kuliko mkasi. Asubuhi ile alikuwa na mteja wa mapema, mwalimu wa hesabu aliyetaka kunyolewa kabla ya kengele ya shule. Kinyozi ameshamaliza shavu la kulia, anasimulia jirani yake alivyouziwa jogoo kwa jina la kuku wa mayai, mara maneno yakaanza kuburuzika. Wembe ukamtoka, akaenda chini. Mwalimu ndiye aliyempigia simu Nyoosha, na ndiye aliyembeba mgonjwa mpaka hospitali, povu shingoni na ndevu za upande mmoja.

Kiharusi, walisema madaktari. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vimelala, na ulimi umefungwa. Mtu aliyekuwa hanyamazi hata akiwa anakula, sasa alimtazama mkewe kwa macho makubwa bila neno. Nyoosha alikaa kando ya kitanda kile Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Alilia mara moja tu, chooni, tena kwa haraka, akanawa uso akarudi.

Jumatano akaja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mfupi asiyecheka ovyo. Akamwonyesha jinsi ya kuinua ule mkono, kukunja vidole kimoja kimoja, kuusukuma mguu, kutamka silabi mbele ya uso wa mgonjwa ili aone midomo. Mara nne kwa siku, kila siku, na afanye mtu mmoja yuleyule, anayeyajua macho ya mgonjwa. Wiki sita za mwanzo ndizo zinazoamua, akasema. Viungo vikiachwa vilale wiki sita, kuviamsha tena ni kazi ngumu mno, na vingine haviamki kabisa.

Nyoosha akapiga hesabu ya ndugu. Binti yao ameolewa mbali, na ana mtoto mchanga. Wazazi hawapo. Amebaki yeye. Akamwambia yule dada kwamba kazini kwao mtu haondoki wiki sita, haijawahi kutokea. Dada akauliza kwa sauti ya kawaida tu, "Mkataba wako wa kazi unasemaje?"

Wewe! Miaka tisa, na Nyoosha hakuwahi kuusoma. Alitia sahihi siku ile aliyoajiriwa, akiogopa wasije wakabadili mawazo. Jioni akapita nyumbani, akatoa bati la biskuti alimoweka karatasi zake chini ya kitanda, akaupata chini ya kadi za chanjo za binti yake. Kipengele cha kumi na saba kilisema hivi: mfanyakazi aliyetimiza mwaka kazini ana haki ya kuwa nje ya kazi hadi wiki nane kujitibu mwenyewe, au kumuuguza mume, mke, mzazi au mtoto aliye mgonjwa sana, kwa barua ya daktari, na kurudi kwenye nafasi yake ileile. Likizo itahesabiwa tangu siku ya kwanza aliyokosekana kazini, ilimradi mwajiri apewe taarifa ndani ya siku saba. Alikisoma mara tatu, amesimama na mkoba begani. Kilikuwa pale siku zote, kimefungiwa kwenye bati pamoja na vifungo vya zamani.

Alhamisi asubuhi akaingia ofisini na mkataba mkono mmoja, barua ya daktari mkono wa pili. Msimamizi wao waliyempa jina la Saa Mbili, kwa sababu sentensi zake zote zilianzia hapo (kazi inaanza saa mbili, si saa mbili na dakika moja), alisikiliza habari ya mumewe, akampa pole, akaisoma barua, akaisoma tena, uso ukamkunjamana. Hakuwa mtu mbaya, tumpe haki yake. Alikuwa mtu wa daftari. Akasema likizo ya namna hiyo pale haipo, maana miaka tisa hakuna aliyeichukua. Nyoosha akamwambia haijachukuliwa, lakini ipo, na akamwekea kidole kwenye kipengele. Saa Mbili akafungua daftari, akaligeuza limtazame.

"Barua inasema ulikuwa hospitali tangu Jumatatu," akasema. "Daftari linasema ulikuwa hapa. Sasa nani mwongo?"

Nyoosha akatazama. Jumatatu, sahihi yake. Jumanne, sahihi yake. Jumatano, sahihi yake, nzuri kuliko anayoandika mwenyewe. Alijua mara moja ni mkono wa nani, na alijua kwamba mkono ule ulikuwa umemtendea wema.

Saa Mbili akashusha sauti. Kwa wema wake na yeye akampa njia: aivae aproni sasa hivi, aichane ile barua, na yeye hatakuwa ameona kitu. La sivyo, kesho Ijumaa mwenye kiwanda anakuja, na jambo la barua na sahihi zisizopatana litakuwa jambo la mtu kufukuzwa kazi. Tena huenda watu wawili. Nyoosha akaomba siku moja, akapewa.

Wakati wa mapumziko alimkuta Shangazi kwenye chumba cha kubadilishia nguo, amekaa juu ya furushi, anajikanda ubavu. Siku tatu za kukimbia kati ya msumari na pembe zilikuwa zimemchosha, lakini aliona fahari. Akamuuliza hali ya shemeji, maana habari ilishamfikia. Nyoosha akamwambia yote, mpaka lile la kipengele. Shangazi akatikisa kichwa. Akamwambia aachane na mambo ya makaratasi, arudi kazini, wao watamshikia pembe: asubuhi aende hospitali kwa muda wa saa mbili au tatu, mchana atoroke tena, nani atajua? Kisha akasema lile lililokuwa moyoni kweli.

"Mzee mwenye kiwanda akijua mtu mmoja na msumari anaweza kulisha rola, mwanangu, kesho nusu yetu tuko nje. Utatumaliza."

Nyoosha alimtazama Shangazi akiinuka, ameinamia kulia, akijisukuma kwa mkono, na kwa mara ya kwanza kile kisa cha mshono hakikumchekesha. Alijiuliza ni ushujaa gani ule, wa kurudi siku ya nne kwa sababu kila mtu anarudi siku ya nne. Alirudi hospitali amekata tamaa kabisa. Nakwambia ukweli, njiani alishaamua kuichana ile barua.

Mchana ule alikuwa anamnyoosha mumewe mguu kama alivyofundishwa, akahisi umenasa. Akafunua. Kidole gumba cha mguu uliolala kilikuwa kimepenya kwenye tundu lililokuwa kwenye pembe ya shuka, kimechungulia nje kama mgeni mlangoni. Kinyozi alikitazama kile kidole. Kisha nusu ya mdomo wake, ile nusu nzima, ikapanda juu. Akatoa sauti. Ilikuwa kicheko, cha kwanza tangu Jumatatu, kibovu kibovu, na Nyoosha akacheka naye mpaka machozi yakamtoka.

Muuguzi aliyekuwa kitanda cha jirani hakucheka. Akalalamika kwamba mashuka yale yanawatesa: yanakuja na tundu dogo kwenye pembe, mgonjwa akijigeuza tundu linachanika, wanayarudisha marundo kwa marundo. Si yote, akasema. Kuna siku yanakuja mazima, kuna siku furushi zima lina matundu.

Nyoosha akaichukua ile pembe, akaliweka tundu mbele ya dirisha. Lilikuwa la duara, unene wa msumari wa nchi sita. Miaka tisa walikuwa wanatundika mashuka mabichi, mazito, na hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba msumari unatoboa. Nani aangalie tundu wakati rundo linafika kiunoni? Hapo akakumbuka kitu kingine: kila furushi linafungwa na kikaratasi chenye tarehe na namba ya rola. Akakaa chini. Daftari lilisema hakuna aliyekosekana kazini, lakini mashuka yalikuwa yameandika yote, siku baada ya siku.

Ijumaa alifika kabla ya saa mbili. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo aliwakuta wote, akawaeleza waziwazi: leo atasema habari ya msumari. Hatataja jina la mtu. Lakini hatadanganya kwamba alikuwepo mahali ambapo hakuwepo, maana wiki sita za mumewe zimening'inia hapo. Wengine wakaguna. Shangazi akafunga kilemba chake bila kumtazama, akatoka.

Mwenye kiwanda, mzee mnene mwenye miwani ya kamba, alikuwa amekaa kwenye kiti cha Saa Mbili. Daftari lilikuwa wazi mbele yake, na karani alikuwa pembeni na kalamu. Mzee akauliza kama zile sahihi ni zake. Nyoosha akasema si zake. Akauliza ni za nani. Nyoosha akapiga moyo konde.

"Mzee, nimekuja kuomba kitu kimoja," akasema. "Niandikwe sikuwepo. Jumatatu sikuwepo, Jumanne sikuwepo, Jumatano sikuwepo. Nilikuwa namuuguza mume wangu, na mkataba huu ulionipa wewe unaniruhusu."

Mzee akasema tangu azaliwe hajaona mtu anayegombania kuandikwa hayupo. Akataka ushahidi. Nyoosha akaomba yaletwe kutoka stoo mafurushi ya rola namba mbili: la Jumatatu, la Jumanne, la Jumatano, na moja la wiki iliyopita alipokuwepo. Yakaletwa. Akafungua la wiki iliyopita, akaonyesha pembe moja moja. Mazima. Akafungua la Jumatatu. Tundu. La pili, tundu. La tatu, tundu, pembe ileile. Jumanne hivyohivyo. Jumatano hivyohivyo.

Mzee akavua miwani. Sasa hapa lazima uelewe kilichompata. Kwa miaka mingi hospitali ilikuwa ikimrudishia mashuka yenye matundu, na mzee wa watu hakujua yanatoka wapi. Alibadilisha rola mara mbili. Alibadilisha sabuni. Alileta mtu wa kutega panya, akakaa mwezi mzima asimpate hata mmoja. Na kumbe! Nyoosha akamchukua mpaka kwenye nguzo, akamwonyesha msumari, umeng'aa kwa kusuguliwa. Akaeleza kushikiana pembe kulivyo, wapi na kwa nini, bila jina la mtu.

Saa Mbili alisimama kama aliyemwagiwa maji. Miaka tisa alipita kando ya nguzo ile kila siku akihesabu sahihi.

Mzee naye akasema palepale neno ambalo Shangazi aliliogopa. Akasema kumbe mtu mmoja anatosha mbele ya rola. Kisha akarudi kwenye sahihi: amtaje aliyeandika, au barua yake aondoke nayo moja kwa moja. Rola zilikuwa zimezimwa. Watu wote walikuwa wanasikia. Nyoosha akatikisa kichwa. Alijua anachokipoteza, akamwona mumewe na ule mkono, bado akatikisa kichwa.

Hapo Shangazi akatoka nyuma ya mashine, taratibu, ameinamia kulia, anapangusa mikono.

"Mkono ni wangu," akasema. "Nimemwandikia huyu, na nimewaandikia wengi. Na mimi nilipopasuliwa waliniandikia. Unasema mmoja anatosha? Haya, hayo matundu ndiyo mmoja anayetosha. Na huu mwendo wangu ndio mmoja anayetosha. Chagua unachotaka kuendelea nacho."

Kisha yule aliyekuwa nyuma ya rola namba moja akasema na yeye ameandikia watu. Mwingine akasema na yeye. Karani, mtoto wa watu, akasema kwa sauti ndogo kwamba hata yeye siku mkewe alipojifungua alikuwa ametiliwa sahihi, na Saa Mbili akageuka kumtazama kama ndiyo anamwona leo.

Mzee alikaa juu ya furushi la Jumanne. Alikisoma kipengele cha kumi na saba, maana na yeye, amini usiamini, hakuwahi kukisoma. Alinunua mkataba ule tayari umepigwa chapa. Akawatazama watu kumi na sita, akayatazama mashuka. Akaona kwamba hawezi kuwafukuza wote, na kwamba amekuwa akiilipa likizo hii siku zote, ila ameilipa kwa mashuka. Akamwambia karani aandike. Akamwambia Saa Mbili atafute mtu wa muda wa kushika pembe kwa wiki sita, na kwamba kuanzia leo mtu asiyekuwepo aandikwe hayupo, na sahihi ya mtu mwingine asiione tena.

Karani akazikata zile sahihi tatu kwa mstari mmoja, akaandika juu yake: hayupo, anauguza. Nyoosha alisoma maneno yale akahisi kifua kimefunguka. Jamani, raha aliyoipata! Alitamani kuimba. Shangazi akamwita kichwa maji, akamkumbatia, akamfukuza: shemeji anangoja, unasimama hapa unafanya nini?

Wiki sita zilipita kwenye chumba chao cha mbele, kila siku mara nne, kidole kwa kidole. Ilikuwa kazi kuliko rola. Wiki ya kwanza hakuna kitu, wiki ya pili hakuna kitu, na mgonjwa akawa mkali, anageukia ukutani. Nyoosha anamgeuza. Wiki ya tatu kidole kidogo kikatikisika. Wiki ya tano alisimama akishikilia kiti, na neno la kwanza kumtoka likawa "jogoo". Alikuwa anataka kumalizia ile hadithi. Mwishoni mwa wiki ya sita alikuja mwalimu wa hesabu. Shavu lake la kushoto alikuwa amekataa katakata liguswe na kinyozi mwingine, akasema ana fundi wake. Wanafunzi walimcheka mpaka wakazoea. Kinyozi akashika mashine kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukashika kidevu, unatetemeka lakini umeshika. Alimaliza baada ya saa nzima, na ndevu zilipanda na kushuka. Mwalimu alijitazama kwenye kioo akasema hajawahi kunyolewa vizuri namna ile.

Nyoosha alirudi kazini Jumatatu iliyofuata, nafasi yake ileile, rola namba mbili, upande wa nguzo. Kwenye nguzo lilibaki tundu tu. Msumari wenyewe walimpa umefungwa kwenye gazeti, na baadaye aliupigilia nyumbani, ukashikilia kioo cha kinyozi. Lakini upande wa pili wa rola alisimama mwanamke asiyemjua, yule wa muda, ameshika pembe. Shangazi hakuwepo. Akakimbilia ofisini, akawaza wamemfukuza, wamengoja yeye aondoke wakamtoa mama wa watu. Saa Mbili alimgeuzia daftari.

Mbele ya jina la Shangazi, kwa mwandiko wa Shangazi mwenyewe, ule mzuri, paliandikwa: hayupo, anarekebishwa mshono, wiki nane, asitafutwe.

Nyoosha akalisoma mara mbili. Akarudi kwenye rola, akamsalimia yule mgeni, akachukua pembe yake, na wakaanza kazi.